Ghala Ng'ambo ya Ruvuma

Makala ya kitaaluma ninayotaka kuizungumzia inaanza na ndondi. Ni Kinshasa, Oktoba 30, 1974. George Foreman ana miaka 25, ameshinda mapambano yote 40 aliyopigana, na ngumi zake zinaogopwa kuliko za mtu yeyote duniani. Muhammad Ali ana miaka 32 na wengi wanaona siku zake zimepita. Sote tunajua kilichotokea. Ali aliegemea kamba, akajikunja, akajikinga uso na mbavu, akamwacha kijana apige mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya nane Foreman alikuwa sakafuni.

Mwandishi wa makala hiyo ni Ivan Arreguín-Toft, mtafiti Mmarekani wa masuala ya usalama wa kimataifa. Aliichapisha katikati ya mwaka 2001 katika jarida la International Security, miezi michache tu kabla ya Septemba 11, na mwaka 2005 akaikuza ikawa kitabu. Swali lake ni la mtoto: inakuwaje mnyonge ashinde vita? Akakusanya vita karibu mia mbili vilivyopiganwa kati ya 1800 na 1998, vile ambavyo upande mmoja uliuzidi mwingine nguvu angalau mara tano, akaanza kuhesabu. Wenye nguvu walishinda takriban vita 71 katika kila 100. Hakuna cha kushangaza hapo. La kushangaza ni alipoigawa miaka. Kati ya 1800 na 1849 wanyonge walishinda chini ya vita 12 katika 100. Nusu ya pili ya karne ile ikawa kama 20. Kuanzia 1900 hadi 1949, kama 35. Na kuanzia 1950 hadi 1998, wanyonge walishinda vita 55 katika 100. Yaani dunia ilipozidi kutengeneza vifaru, ndege na makombora, ndivyo wenye vifaru walivyozidi kushindwa.

Jibu lake linaingia katika mistari michache. Mwenye nguvu ana njia mbili za kupigana. Anaweza kulishambulia jeshi la adui uso kwa uso, au anaweza kuwageukia raia: kuchoma, kutesa, kuhamisha watu, kuharibu chakula, ili aivunje nia ya adui badala ya jeshi lake. Njia hii ya pili mtafiti anaiita kwa jina lake halisi, ukatili. Mnyonge naye ana mbili: kusimama na kuzuia shambulio, au kuingia msituni, kupiga na kukimbia. Mapambano ya uso kwa uso yakikutana na uso kwa uso, mwenye nguvu hushinda haraka. Ukatili ukikutana na vita vya msituni, mwenye nguvu hushinda pia, maana wote wawili wanalenga nia, na yeye ana uwezo mkubwa wa kuumiza. Njia zikipishana, mambo hugeuka. Katika hesabu zake, njia zilipofanana mwenye nguvu alishinda mara 76 katika 100. Zilipopishana, mnyonge alishinda mara 63. Ali hakurushiana ngumi na Foreman. Alipigana vita vingine kabisa.

Ninaongoza semina ya historia ya vita chuoni, na makala hii huipa nafasi wiki ya tatu, kwa sababu inasomeka na kwa sababu inawachokoza vijana. Mwaka mmoja nilifanya kile ambacho kila mwalimu wa Tanzania angefanya: nikawaambia waichukue nadharia waipime kwa Majimaji. Walifanya kazi nzuri, mishale ikachorwa ubaoni, visanduku vikajaa. Kisha mwanafunzi mmoja wa Namtumbo, mtu asiyependa kusemasema, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo wazee wetu walichagua vibaya tu?"

Nilimwambia tutalirudia. Nimekuwa nikilirudia tangu siku ile.

Tuanze na yale ambayo nadharia inayaona vizuri. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulima. Kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa amekwisha kugawa dawa, maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, na habari yake ilikuwa imesafiri mbali kuliko mjumbe yeyote wa serikali. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro mapema Agosti, lakini habari haikunyongeka. Kabla mwezi haujaisha, kusini yote ilikuwa inawaka.

Agosti 30, maelfu ya watu, Wapogoro na Wambunga wakiwamo, waliikabili boma ya Mahenge. Ndani alikuwamo ofisa Theodor von Hassel na askari wapatao 60, pamoja na mamia kadhaa ya wenyeji waliobaki upande wa Wajerumani. Na bombomu mbili. Hilo ndilo jina ambalo Waswahili waliipa bunduki ya rashasha, na ukilitamka unaisikia. Washambuliaji walikuja mchana kweupe, kwa safu, wakipanda mlima kuelekea kwenye kuta. Kwa lugha ya Arreguín-Toft hii ni uso kwa uso dhidi ya uso kwa uso, na matokeo yake hayahitaji profesa. Hata hivyo hawakukimbia kwa risasi za kwanza, na kundi la pili lilikuja baada ya la kwanza kuanguka. Boma haikuanguka, lakini ilizingirwa kwa majuma. (Mwana wa huyo Hassel, Kai-Uwe, alizaliwa Gare, Usambaa, mwaka 1913, akaja kuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi miaka ya 1960. Historia ina ukoo mdogo kuliko tunavyodhani.)

Oktoba, Wangoni walipata somo hilo hilo. Kambi yao ilishambuliwa kwa bombomu, na ilisimuliwa baadaye kwamba watu walitupa vichupa vya dawa wakisema maji ni uongo. Wanafunzi hupenda kuishia hapo: imani imeshindwa na chuma, pazia. Vitabu vingi vya shule navyo viliishia hapo. Lakini vita haikuishia hapo, na hili ndilo jambo ambalo kina Gilbert Gwassa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilipata walipozunguka vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya ushahidi wa wazee. Baada ya dawa kushindwa, watu walibadili mkakati. Chabruma wa Wangoni aliacha kupigana kwa safu, akaingia porini. Abdalla Mapanda wa Wangindo alipigana vita vya kuvizia mpaka alipouawa mwanzoni mwa 1907. Walifanya kile hasa ambacho nadharia inasema mnyonge afanye. Hawakuhitaji kumsoma Mao, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 12 huko Hunan.

Nao Wajerumani wakabadili. Gavana Götzen alikuwa ameomba msaada, manowari zikaja na mabaharia wachache, na vikosi vitatu vikaelekea kusini. Lakini huwezi kumpiga bombomu mtu usiyemwona. Kapteni Wangenheim akamwandikia gavana kwamba silaha peke yake hazitatosha. Njaa ndiyo itakayoleta utii. Hivyo vikosi vikaacha kuwatafuta wapiganaji vikaanza kutafuta vihenge. Mahindi na mtama vilichukuliwa vilivyoweza kubebwa, vilivyobaki vikachomwa. Vijiji vikachomwa. Mashamba yaliyokuwa yameanza kupandwa yakaharibiwa, na mahali pengine watu wakazuiwa kulima. Wala halikuwa jambo la kufichwa: Götzen mwenyewe alirudi kwao, akaandika kitabu kizima juu ya vita vyake, kikachapishwa mwaka 1909.

Mwanamume anaweza kukaa porini miezi sita akila mizizi. Mke aliyejifungua hawezi. Mpiganaji wa msituni anaishi kwa chakula kinachotoka kijijini, na kijiji cha 1906 kilikuwa ndani ya uwanja wa vita. Hakukuwa na nyuma. Ghala la Wangoni, la Wamatumbi, la Wangindo lilikuwa pale pale ambapo askari angeweza kufika kwa siku mbili za kutembea.

Hesabu rasmi ya serikali ya kikoloni ilisema wamekufa Waafrika 75,000. Gwassa aliifikisha kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi 316.

Itazame hesabu hii ya mwisho tena. Kati ya watu 404 waliokufa wakiipigania Ujerumani, 389 walikuwa Waafrika. Nadharia hupima nguvu kwa kuzidisha idadi ya wanajeshi na idadi ya raia, na Ujerumani ya 1905 ilikuwa na watu milioni 60. Ukiiweka kwenye mizani na Ungoni, mizani inavunjika. Lakini hao milioni 60 hawakuwapo Songea. Waliokuwapo ni maofisa wachache, askari wa Kisudani, Wamanyema, Wanyamwezi na Wasukuma, na majirani waliokuwa na visa vyao vya zamani na Wangoni, ambao sisi tunawaita ruga-ruga na kupita haraka. "Mwenye nguvu" alikuwa mwembamba kuliko jedwali linavyoonyesha. Kama hao wote wangekaa pembeni, bombomu zisingemfikia mtu. Semina huwa kimya kidogo tunapofika hapa, maana katika darasa la watu 20 daima kuna wajukuu wa pande zote mbili.

Kwa hiyo nadharia ya Arreguín-Toft inafaulu mtihani wa Majimaji kwa alama za juu. Mahenge: njia zimefanana, mwenye nguvu ameshinda. Ungoni 1906: ukatili dhidi ya msitu, njia zimefanana tena, mwenye nguvu ameshinda tena. Kinachonisumbua ni neno linalobeba nadharia nzima, neno mkakati, ambalo linatufanya tuone wachezaji wawili mezani, kila mmoja na karata mbili mkononi. Chabruma alipoona karata ya kwanza imeshindwa, alicheza ya pili. Hapakuwa na ya tatu. Kumwambia mtu huyo kwamba njia yake ilifanana na ya adui ni kweli, na ni sawa na kumwambia aliyezama kwamba maji yalikuwa mengi.

Kuna mtafiti mwingine aliyejibu swali hilo hilo kabla yake. Andrew Mack, katika makala ya Januari 1975 kuhusu kwa nini mataifa makubwa hushindwa vita vidogo, alitazama Vietnam na kusema: tazameni nani ana cha kupoteza. Kwa mnyonge, vita ni uhai. Kwa mkubwa, ni jambo moja kati ya mengi, na likichelewa kwisha watu wa nyumbani huuliza kuna nini huko, wabunge hugombana, na mkubwa hujishinda mwenyewe. Hoja hii naipenda. Ila Majimaji inaitia doa. Desemba 1906 bunge la Ujerumani kweli liligombana juu ya vita vya makoloni, hasa vile vya Namibia ya leo, na serikali ikalivunja. Uchaguzi ukaitishwa Januari 1907. Chama cha Social Democrat, kilichokuwa kikipinga, kilishuka kutoka viti 81 hadi 43. Watu wa nyumbani waliulizwa, na wakajibu endeleeni. Ni kweli baadaye gavana mpya, Rechenberg, alilegeza mambo fulani, na wanahistoria wengine huuhesabu huo kuwa ushindi wa Majimaji. Mimi siwezi kuuhesabu hivyo nikiwa na ile namba ya Gwassa mbele yangu.

Sasa chukua ramani, weka kidole Songea, na usogeze miaka mbele hadi Septemba 25, 1964. Ng'ambo ya Ruvuma, FRELIMO wanafyatua risasi za kwanza dhidi ya Wareno. Mnyonge ni mnyonge kweli: Ureno ni mwanachama wa NATO, ina ndege na napalmu. Ardhi ni ile ile, miombo ile ile, mto ule ule ambao Chabruma aliuvuka mwaka 1906 akikimbilia upande wa Mreno, ambako hakupata mwenyeji, aliuawa huko. Miaka 58 baadaye, watu waliuvuka kwa upande wa pili wakielekea kaskazini, na mwenyeji alikuwapo.

Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. Kambi ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, wilaya ile ile ambayo Waingereza walitaka kuifanya shamba la karanga la dunia baada ya 1945 wakaambulia hasara ya kihistoria. Silaha zilishuka bandarini, zikaenda kusini kwa malori, zikavuka mto kwa mitumbwi, kisha zikabebwa vichwani. Mwaka 1967 FRELIMO waliunda kikosi cha wanawake, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliwaangukia wao. Majeruhi walirudi kutibiwa upande huu. Watoto wao walisoma upande huu. Mondlane aliuawa upande huu pia, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 3, 1969.

Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa kaskazini mwa Msumbiji, aliyoiita Fundo la Gordian, akishambulia kambi za FRELIMO kwa ndege na askari wengi. Aliziteka kambi. Wapiganaji hawakuwamo, walikuwa wamesambaa, na baada ya muda wakaibukia kwa nguvu Tete. Hapa njia zimepishana, na nadharia inatabasamu. Lakini Wareno hawakuishia kwenye mashambulizi ya uso kwa uso. Walihamisha watu na kuwafungia katika vijiji vilivyozungushiwa waya, ili wapiganaji wakose chakula. Desemba 16, 1972, huko Wiriyamu, Tete, wanajeshi wao waliua raia kijiji hadi kijiji. Huu ni ukatili ule ule wa 1906, nia ile ile. Kwa jedwali, njia zimefanana na Mreno alipaswa kushinda.

Hakushinda, na sababu mbili naziona. Ya kwanza ni mapadri. Habari za Wiriyamu zilibebwa na wamisionari, na Julai 1973 zikatoka katika gazeti la The Times la London, siku chache kabla waziri mkuu wa Ureno, Caetano, hajafika London kwa ziara. Alipokewa kwa maandamano. Kile ambacho Götzen aliweza kukiandikia kitabu, Caetano alilazimika kukikana. Hapo Mack anapata haki yake, na Arreguín-Toft mwenyewe anakiri kwamba ukatili umekuwa ghali zaidi kisiasa tangu Vita Kuu ya Pili.

Sababu ya pili imo ndani ya makala yenyewe, imetajwa na kupitwa. Arreguín-Toft anasema vita vya msituni vinahitaji vitu viwili: watu wanaokuunga mkono, na kimbilio, iwe ni milima na misitu au mpaka wa nchi rafiki. Anaeleza hilo kama sharti la kuanzia, kisha anaendelea na mishale yake. Mimi nadhani hapo ndipo vita vyote viwili vya Ruvuma vilipoamuliwa. Mreno aliweza kuchoma kila kihenge cha Cabo Delgado na bado kukawa na unga Nachingwea. Ili amalize kazi kama Wangenheim alivyoimaliza, angelazimika kuivamia Tanzania, na hiyo ingekuwa vita nyingine kabisa, na wakubwa wengine. Alirusha mabomu na kutega mabomu ya ardhini kando ya mpaka, na wanakijiji wa kusini wanajua gharama yake. Lakini ghala lilikuwa ng'ambo.

Aprili 25, 1974, maofisa waliochoka na vita vya Afrika waliipindua serikali ya Lisbon. Septemba 7 mkataba ulitiwa saini Lusaka. Wiki saba na siku chache baadaye Ali alipanda ulingoni Kinshasa. Mtafiti alipotafuta mfano wa mnyonge aliyemchosha mwenye nguvu, mfano ulikuwa umekamilika mwaka huo huo, upande wa pili wa nchi moja au mbili, na haukuhitaji glovu.

Mwanafunzi wangu nilimjibu mwishoni mwa muhula, ofisini, si mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba wazee walichagua mara mbili, na mara ya pili walichagua kama ambavyo vitabu vyote vya mkakati vingewashauri. Walichokosa ni jirani. Akaniuliza kama ndiyo sababu Nyerere, mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliizungumzia Majimaji na bado akachagua kudai uhuru bila silaha. Nikasema nadhani alikuwa ameihesabu gharama. Yeye akasema kwao hakuna aliyeihitaji hesabu. Kila ukoo unajua nani hakurudi.

Namtumbo haiko mbali na Songea, ambako Februari 27, 1906, watu 67 walinyongwa kwa siku moja, na siku chache baadaye Songea Mbano mwenyewe. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama katika Makumbusho ya Majimaji mjini hapo, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Katika orodha za vita ambazo watafiti hutumia, ikifika Majimaji unakuta mstari mmoja: mwaka wa kuanza, mwaka wa kwisha, mshindi. Mwaka wa kwisha ndio huwa naugusa kwa kidole ninapowaonyesha wanafunzi. Waliokula mbegu zao mwaka 1906 hawakuwa na cha kupanda 1907. Kutoka Liwale kuelekea kaskazini kuna maeneo ambayo watu hawakurudi kwa wingi tena. Vichaka viliyafunika mashamba, wanyama wakaja, na serikali za kikoloni zikayatangaza kuwa hifadhi na kuendelea kuyapanua, mpaka likapatikana Pori la Akiba la Selous. Tangu 2019 sehemu yake kubwa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii huenda kuwaona tembo.